Pipa la Hidrokinoni

Watu wa mtaa wa Kikula, mjini Likasi, walipoulizwa Fidélie Mbombo anafanya kazi gani, wengi walijibu kwamba anauza dawa. Haikuwa hivyo. Vitu vilipomfikia Fidélie havikuwa dawa bado. Vilikuwa poda ndani ya mapipa, chembechembe ndani ya mifuko, maji mazito ndani ya chupa za kahawia, vitu ambavyo wafamasia wa hospitali na zahanati walikuja kuvinunua ili watengeneze marhamu, sharubati na matone. Kazi yake ilikuwa kukipima kila kitu kabla hakijaingia ghalani na kusema kina ubaya gani: kama kinashika moto, kama kinakula ngozi, kama kinaua kikimezwa, au kama kinamdhuru mtu polepole, miaka ikipita, mwenyewe asijue.

Hakuitafuta kazi hiyo. Papa Casimir, mfamasia mwenye depo, yaani ghala hilo, ndiye aliyeitwa Lubumbashi kujifunza namna mpya ya kupanga hatari za kemikali. Wiki ileile mama mkwe wake alifariki huko Kambove, na mtu hakimbii matanga ya mama mkwe. Akamtuma Fidélie, aliyekuwa amemaliza masomo ya ufamasia msaidizi na kazi yake pale depo ilikuwa kupima boraksi na kuandika risiti. Fidélie alikwenda kwa shingo upande. Alirudi na jambo la kufanya maisha yake yote.

Alirudi na alama. Ndimi za moto. Fuvu la kichwa. Maji yanayodondoka juu ya mkono na kuula. Mtu ambaye kifua chake kimepasuka kama nyota. Samaki aliyekufa kando ya mti usio na majani. Siku ya kwanza alipita kati ya rafu, akasimama mbele ya chombo cha pamanganeti kilichopangwa bega kwa bega na madumu ya gliserini, akamwita Papa Casimir. Mzee alitazama, akajishika kipaji cha uso. Alikuwa amefundishwa tangu ujana kwamba vitu hivyo viwili vikikutana vinawaka vyenyewe, bila kiberiti; alikuwa amevipanga pamoja kwa sababu vyote viliingia kwa lori moja. Alikibeba kile chombo mwenyewe mpaka upande wa pili wa ghala, na aliporudi alisema kwa sauti ya chini, "Panga yote, Mama Fidélie. Yote, namuna unaona."

Akapanga. Baba yake, mzee Elie, alikuwa amefanya kazi ya asidi katika kiwanda cha shaba tangu akiwa kijana mpaka mapafu yalipomkataa, na mashati yake yote yalikuwa na matundu madogomadogo kama yaliyoliwa na nondo. Mzee Elie hakuichukia asidi. Alisema haina rafiki, haina adui, inafanya yake. Fidélie alielewa maneno hayo vizuri zaidi alipoanza kubandika alama. Kitu hakina nia mbaya. Lakini kina tabia, na tabia hiyo lazima ijulikane na yule anayekishika.

Kuijua si kubahatisha. Alisoma yale ambayo wengine wamekwisha kuyapima, akalinganisha, akauliza ikiwa jambo limeonekana kwa wanyama tu au hata kwa watu, mara ngapi, kwa kiasi gani. Halafu akachagua daraja. Palikuwa na ubaya wa hakika na ubaya unaoshukiwa, na aliyajali sana maneno hayo mawili. Kuyachanganya, kwake, kulikuwa kusema uongo, hata kama uongo wenyewe ungemwogopesha mtu kwa faida yake.

Hidrokinoni ilifika mwanzoni mwa kiangazi. Zahanati moja ya magonjwa ya ngozi ilikuwa imeiomba kwa ajili ya wagonjwa wenye mabaka meusi usoni, na Papa Casimir aliagiza kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Lilikuwa pipa la kadibodi ngumu, ndani yake mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko poda nyeupe yenye chembe laini kama sindano. Aliyelipakia huko kwao alikuwa amebandika alama moja tu, ile ya mshangao, ambayo watu huizoea upesi kwa kuwa iko kila mahali.

Fidélie alikaa nayo muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akaleta alama zake mezani kwa mzee. Ile ya mshangao, kwa sababu poda humdhuru anayeimeza na huifanya ngozi ya wengine ivimbe na kuwasha. Ile ya maji yanayokula, kwa sababu ya macho. Ile ya kifua kilichopasuka. Ile ya samaki. Na juu yake yote neno kubwa: HATARI.

Papa Casimir alivua miwani. "Hii ni dawa, Mama Fidélie. Ba-docteur banaiandika. Muteja akiona hivi, atasema tunauzisha bomu."

"Docteur anaandika pommade ya kupakaa, Papa. Mu pommade iko kidogo sana, na anakupa kwa muda, anakuangalia. Minye siandiki juu ya pommade. Naandika juu ya ile iko mu pipa."

"Na kifua? Imeshauwa muntu?"

"Hapana. Kwa kansa banaishuku tu. Imeonekana kwa panya, kwa muntu haiyaonekana wazi. Nitaandika vile: inashukiwa. Lakini macho, Papa, macho haina kushuku. Kuna batu balifanya kazi na hii poda mu viwanda vya bulaya, macho yao ikaharibika. Ile inajulikana."

Mzee alizigeuza zile karatasi moja baada ya nyingine. Hakuwa mtu wa kudanganya. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye depo ndogo katika mji ambao lori likichelewa hospitali hukosa hata spiriti ya kusafishia vidonda. Mwishowe alisema, "Tia yote."

Fidélie akazibandika zote, akalisukuma pipa kwenye kona yenye giza, mbali na mlango, akatundika juu yake miwani ya kinga na glavu. Alitazama kazi yake, akaona ni njema.

Jambo ambalo hakuliona ni hili: alama zilibaki juu ya pipa. Poda iliondoka. Zahanati ilichukua kidogo. Sehemu kubwa ilichukuliwa na mtu aitwaye Papy, aliyejitambulisha kama mwenye famasia ndogo upande wa Kambove. Kwa miaka kadhaa, pipa baada ya pipa, alikuja mara kwa mara kwa pikipiki, mchangamfu, mwenye salamu kwa kila mtu, na karani wa mauzo alimpimia katika vifuko vyeupe vinavyoonyesha ndani, akavifunga kwa uzi mwekundu wa depo. Juu ya kifuko paliandikwa uzito, basi. Kama Papa Casimir alijua kwamba famasia ya Papy haina mlango wala rafu, au kama hakutaka kujua, Fidélie hakuwahi kumuuliza, na halikuzungumzwa mpaka siku ilipobidi.

Njia ya kufika siku hiyo ilianzia kanisani.

Ilikuwa misa ya kumbukumbu ya mzee Elie. Dada yake Fidélie, Dodo, alikuja amevaa kitambaa kipya na miwani nyeusi. Dodo ndiye aliyemlea. Mama yao alipokufa, Fidélie alikuwa bado mtoto wa shule ya msingi; Dodo aliacha masomo, akaenda sokoni na beseni la mikate, baadaye vitambaa, baadaye mafuta ya kujipaka. Kwa beseni hilo Fidélie alivaa sare, akala, akafika chuoni. Hawakulizungumza kamwe, kama watu wasivyozungumza juu ya hewa wanayovuta. Dodo aliolewa na mtu wa kanisa la uamsho, akahamia kusali huko, lakini misa ya baba hakuikosa.

Baada ya misa walisimama uani, jua likiwa kali. Dodo akalia kidogo, akavua miwani ili ajifute. Fidélie akamwona.

Nyeupe ya macho haikuwa nyeupe. Pale kope zilipoachana, sehemu inayokutana na hewa, palikuwa na ukanda wa kahawia kila upande, kama kitambaa kilichomwagikiwa chai. Na katikati, juu ya mboni yenyewe, palikuwa na ukungu.

"Yaya," alisema Fidélie, kwa jina alilomwitia dada yake mkubwa tangu utotoni. "Macho yako iko namuna gani?"

"Vumbi ya soko."

"Vumbi ya hapa ni nyekundu, Yaya."

Dodo alirudisha miwani usoni. "Acha. Leo ni siku ya papa yetu."

Fidélie aliacha, kwa ajili ya baba. Kesho yake aliomba ruhusa kazini, akaenda kwa dada yake bila kupiga simu.

Nyuma ya nyumba ya Dodo kulikuwa na chumba kilichokuwa zamani cha kuhifadhi mahindi. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa gunia, maana poda ni nyepesi na upepo huichukua. Ndani palikuwa na meza, mabeseni, mwiko wa kusongea bukari, yaani ugali, ndoo ya mafuta mazito, na makopo matupu yakisubiri kujazwa. Ubao wa meza, uliokuwa wa rangi ya mti mbichi, ulikuwa umegeuka kahawia. Kahawia ileile. Pembeni kulikuwa na kifuko kinachoonyesha ndani, kimefungwa kwa uzi mwekundu.

Fidélie aliutambua uzi ule kama mtu anavyoutambua mwandiko wake. Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Inatoka wapi?"

"Kwa Papy," alijibu Dodo, amesimama mlangoni. "Anailetea ba-mama wote wa soko. Banamuke banataka kuwa beupe, Fidé. Minye siwezi kubadirisha roho yao. Nikiacha, mwenzangu anauzisha."

"Tangu lini unafanya?"

"Tangu mutoto wangu wa mwisho alikuwa ananyonya. Nilikuwa namubeba mu mugongo hapa hapa."

"Juu ya nini hukuniambia?"

Dodo alishika mwimo wa mlango. Alikuwa mwanamke mrefu, na mlango ulimlazimu ainame kidogo, jambo lililomfanya aonekane kama anayeomba radhi, ingawa hakuwa anaomba.

"Nilijua utanikataza," alisema. "Na nilikuwa nahitaji usinikataze."

Walisafiri pamoja kwenda Lubumbashi kwa daktari wa macho. Alikuwa mwanamke mtulivu, asiye na haraka. Alimketisha Dodo mbele ya chombo chake, akamwangalia jicho hili, akamwangalia lile, akaandika, akarudia. Halafu akauliza swali moja: Dodo anashika nini kazini? Fidélie akalitaja jina la poda. Daktari akaitikia kwa kichwa taratibu, kama aliyekuwa akingoja jina hilo.

Hakuwaficha kitu. Rangi ya kahawia, alisema, huenda ikafifia Dodo akiachana kabisa na poda. Lakini kioo cha jicho kimepinda, hasa la kushoto, na kilichopinda hakirudi kwa matone. Inawezekana hata kiendelee kupinda kwa muda, poda ikiwa imekwisha kuachwa. Miwani itasaidia kiasi. Zaidi ya hapo ni upasuaji ambao si rahisi kuupata karibu.

Katika teksi-basi ya kurudi Dodo alikaa dirishani. Barabara ilipita vichuguu vikubwa na vibanda vya makaa. Walikuwa wamekwisha kusafiri mbali alipofungua kinywa.

"Fidé. Soko yote banasema hii poda inaleta kansa. Nitakufa?"

Fidélie alihisi jinsi ingekuwa rahisi kusema hapana. Ndilo neno ambalo mdogo humwambia mkubwa aliyemlea. Akalitafuta neno lingine.

"Kwa kansa, banaishuku," alisema. "Banaishuku kwa njia ya kweli, si maneno ya soko. Lakini hakuna mutu anaweza kukuambia itakuja. Hakuna anaweza kukuambia haitakuja. Macho, njo ile tunajua."

"Kwa hiyo haujui."

"Sijui, Yaya."

Dodo aligeukia dirisha tena.

Asubuhi iliyofuata Fidélie hakwenda kwanza kwenye meza yake. Alikwenda kwa Papa Casimir, akasimama mbele yake, akamweleza kwa mfuatano: famasia ya Kambove ambayo haipo, vifuko, uzi, chumba cha nyuma, jicho la kushoto la dada yake. Hakupandisha sauti. Mzee alisikiliza akiwa ameshika ukingo wa meza.

"Alama uliziweka," alisema hatimaye. "Minye nilikuona. Ulifanya kazi yako."

"Niliweka juu ya pipa, Papa. Yaya yangu hakuona pipa. Aliona kifuko."

"Sasa unataka nini?"

"Kitu kisitoke hapa bila jina yake na alama yake, hata kama ni kijiko kimoja. Na ile poda iende kwa mufamasia mwenye tunamujua, mwenye kuwa na mulango. Kama siyo vile, itafutwe muntu mwengine wa kupanga. Minye sitaweza."

Hakuwa amepanga kuyasema hayo ya mwisho. Yalitoka yenyewe, na yalipotoka akajua ni kweli. Papa Casimir alimtazama, akatazama ghala. Pengine alikuwa anahesabu kichwani mwake lori lijalo na lile la baada yake. Kisha alimwita karani, na mbele ya Fidélie akamwambia Papy akija aelezwe kwamba hidrokinoni haiuzwi tena kwake, na wala asipimiwe kitu kingine mpaka aonyeshe karatasi zake za ufamasia.

Papy alipokuja, hakugombana. Alicheka, akawasalimia wote, akawasha pikipiki. Kabla ya wiki kwisha vifuko vilikuwa vimerudi sokoni, vimefungwa kwa uzi wa rangi nyingine.

Hapo ndipo Pasta Hénoc alipomtafuta Fidélie. Alikuwa mchungaji wa kanisa la Dodo, kijana mwenye bidii, na habari ya macho ya Dodo ilikuwa imemchoma kweli. Alitaka Fidélie aje azungumze na wanawake wa kanisa, ambao wengi wao walikuwa wakiuza mafuta hayo au wakijipaka.

"Wewe umesoma," alimwambia. "Ukisema hii poda ni kansa, banasikia. Neno moja, Mama. Kansa."

"Pasta, siwezi kusema vile. Haijulikani vile."

"Hata kama itaokoa roho zao?"

"Kesho bakijua nilibadanganya kwa kansa, hawataniamini kwa macho. Na macho ni kweli."

Pasta hakuridhika, ila hakuondoa mwaliko. Jumamosi mchana Fidélie alisimama katika jengo la matofali lisilo na dari, mbele ya wanawake waliokaa kwenye mabenchi, wengine wenye vitoto mgongoni. Nyuso kadhaa zilikuwa nyeupe kwa namna anayoifahamu kila mtu, viungo vya vidole vikibaki vyeusi. Hakutaka kuwatazama hao kwa muda mrefu, wasidhani amekuja kuwahukumu. Alileta alama zake zimechorwa kubwa, akaziinua moja moja, akaeleza kwa Kiswahili cha nyumbani. Hii ni ya ngozi kuvimba. Hii ni ya macho, nayo ni ya hakika. Hii ya kifua ni ya kushukiwa. Aliwaambia pia kwamba mgonjwa aliyeandikiwa marhamu na daktari asiitupe kwa hofu; amwulize daktari wake. Aliona Pasta Hénoc akikunja uso.

Mwanamke mmoja wa benchi la mbele, mwenye sauti ya muuzaji, akasimama. "Mama, unatuchanganya. Iko mubaya ao haiko mubaya?"

"Iko mubaya," alisema Fidélie. "Ukiitingisha mu chumba bila hewa, inaingia mu macho, na macho inakufa polepole. Ile nimeona kwa muntu wa nyumba yangu."

"Na kansa?"

Fidélie alifikiri. Alifikiri neno *inashukiwa* jinsi anavyoliandika kila siku, jinsi lilivyo dogo na jepesi juu ya karatasi.

"Mama," aliuliza, "kama iko muntu mu avenue yenu, munamushuku. Hakuna mwenye alimukamata. Hakuna mwenye aliona. Munamushuku tu, lakini iko sababu ya kumushuku. Utamuachia mutoto wako uende soko?"

Yule mama alikaa polepole. Nyuma, mwanamke kijana alimvuta mtoto kutoka mgongoni, akamweka mapajani.

Walipotawanyika, wengine waliondoka bila kuaga. Walikuwa na makopo ya kuuza na watoto wa kulisha, na Fidélie hakuwa amewapa kazi nyingine. Wachache walibaki. Yule mwenye sauti ya muuzaji alimkaribia, akasema nyumbani ana mifuko imejaa; je, aimwage mtoni?

"Hapana," alisema Fidélie, akainua alama ya samaki. "Hii poda, hata kidogo kabisa, inauwa samaki. Maji ya huku inashuka mu muto ya Lufira, inafika mpaka mu ziwa ya Mwadingusha, na samaki ya kule njo tunakula. Leta kwa depo."

Hakuwa amemwuliza Papa Casimir. Alikwenda kumweleza kabla mzigo haujafika, na mzee akasema depo yake si jalala. Wanawake walipoanza kuja, wamebeba vifuko ndani ya mabeseni na juu yake wamefunika vitenge kwa aibu, alitoka nje kuwafukuza. Akamkuta wa kwanza ana mtoto mgongoni na poda nyeupe imemshika mtoto kwenye nywele. Mzee alisimama pale. Kisha akarudi ndani, akatoka na ndoo ya maji na kitambaa safi, akampangusa mtoto kichwa yeye mwenyewe, kwa mikono yake ya kizee. Baada ya hapo hakusema tena neno la jalala. Walijaza pipa, wakalifunga, na Fidélie akalibandika alama zote pande zote, likabaki ghalani likingoja siku litakapopatikana gari la kulipeleka mahali panapochoma vitu vya namna hiyo. Lilingoja muda mrefu.

Soko halikuacha. Vifuko vya Papy viliendelea kuuzwa, ingawa ilisemekana sasa wapo wanunuzi wanaouliza jina la kilichomo. Pasta Hénoc alihubiri juu ya kansa Jumapili iliyofuata, kwa namna yake mwenyewe. Depo ya Papa Casimir ilipata sifa ya kuwa na masharti, na baadhi ya wateja walihamia kwingine. Mzee hakumlaumu Fidélie, lakini ilipita miezi kabla hajaanza tena kumtania asubuhi kama zamani.

Dodo aliuvunja ubao ule wa kahawia, akatia chokaa chumba cha nyuma, akaanza kuuza unga wa mihogo. Ukanda wa machoni ulififia. Jicho la kulia lilisaidiwa na miwani. La kushoto lilibaki na ukungu, na nyuso za watu, alisema, zilimjia zimevutwa upande mmoja, kama zinazotazamwa kupitia chupa.

Jumapili moja, majira ya mvua yalipokuwa yamekwisha kuingia, Fidélie alikwenda kula kwake. Aliwakuta watoto wametoka, na Dodo ameketi jikoni na kapu la mchicha wa lengalenga mapajani, akiyainua majani mpaka karibu na uso ili aone wadudu. Fidélie alivuta kibao, akachukua nusu ya majani. Wakachambua pamoja.

"Sina kasirani na weye," alisema Dodo bila kuinua kichwa. "Nataka ujue. Minye mwenyewe nilikuficha."

"Najua, Yaya."

"Lakini iko kitu moja inaniuma. Ile poda, weye ulijua jina yake yote. Ubaya yake ulijua, namuna yake ulijua. Na ilikuwa mu nyumba yangu miaka yote, inalala na watoto wangu, na minye nilikuwa naiita tu *poda*."

Kila jibu lililomjia Fidélie lilikuwa la kujitetea. Akaendelea kuchambua, jani baada ya jani, akitoa yaliyokauka na yaliyoliwa. Baadaye Dodo alimpitishia na ile nusu yake, maana mwanga wa jikoni ulikuwa umepungua na hakuona tena vizuri, akainuka kwenda kuchochea moto wa bukari.